Pumzi ya Kipimo

Shemeji yangu aliajiriwa na chuo kupeleka mafaili kwa baiskeli kutoka jengo hadi jengo, akaishia kulipwa kwa kuendesha baiskeli isiyokwenda popote. Mimi ni mdogo wa mkewe, nakaa nyumbani kwao tangu nilipoachika, na jioni alipotueleza kazi yake mpya nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu mzima, ana ndevu zake, anakanyaga pedali ndani ya chumba mpaka jasho linamtoka, halafu anashuka palepale alipopandia.

"Shemeji," nikamwambia, "hata mbuzi aliyefungwa kamba huwa anazunguka kidogo."

"We cheka tu," akanijibu. "Mwenzio nafundisha madaktari."

Alikuwa anasema kweli, ila alifundisha kwa mapafu yake. Chumba chenyewe kiko ghorofa ya tatu ya jengo la sayansi, madirisha yake yameshikana kwa rangi iliyopakwa ovyo, na harufu ya spiriti haitoki humo hata Jumapili. Katikati kuna baiskeli iliyofungwa sakafuni kwa nati, ina gurudumu moja zito la chuma na mkanda wa kulibana. Anayeipanda huvaa barakoa ya mpira inayofunika pua na mdomo. Kwenye barakoa limeunganishwa bomba la mikunjo mpaka kwenye mashine iliyo juu ya meza, na mashine hiyo inasoma mtu ametumia oksijeni kiasi gani na ametoa hewa chafu kiasi gani. Ukishajua oksijeni iliyotumika, unajua mwili umeunguza chakula kiasi gani. Ukishajua gurudumu limezungushwa kwa nguvu gani, unalinganisha kilichoingia na kilichotoka.

Mwenye somo alikuwa Profesa, mtu mwembamba mwenye sauti ya mnadani. Kila mwaka alifungua kwa maneno yaleyale, na shemeji aliyasikia mara nyingi hata akawa anatuhubiria sisi mezani, kijiko mkononi. Seli haiwezi kuitumia glukosi ilivyo, alisema. Huivunja polepole, hatua kwa hatua, na katika kila hatua hudaka nguvu kidogo na kuifunga katika vifurushi vidogo vidogo viitwavyo ATP. Oksijeni ikiwepo, chembe moja ya glukosi hutoa vifurushi thelathini hivi. Isipokuwepo, seli huambulia viwili tu, na karibu nguvu yote iliyobaki hubaki imelala ndani ya asidi.

"Thelathini kwa viwili," shemeji alikuwa akimwambia dada yangu, "na sukari ni ileile. Tofauti ni pumzi tu, mama watoto."

"Basi vuta pumzi umalize kula, vyombo vinanisubiri," dada alikuwa akimjibu.

Angekuwa mkanyagaji tu mpaka astaafu, lakini mtungi wa gesi ya kurekebishia mashine uliisha. Chuo kikaagiza mwingine, na agizo likaenda huko maagizo yanakokwenda. Mashine ya namna ile haiaminiki hivihivi, lazima mara kwa mara uipe hewa ambayo unaijua tayari, uone kama itaisoma sawasawa. Fundi wa maabara, mtu mfupi asiyependa maneno, ndiye aliyepata akili. Shemeji alikuwa amekanyaga uzito uleule kwa muda mrefu, na matumizi yake ya oksijeni yalikuwa hayabadiliki, kiangazi wala masika. Kwa nini wasimtumie yeye badala ya mtungi?

Ikawa hivyo. Kila Jumatatu asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia, shemeji anapanda, anakanyaga mpaka pumzi inatulia. Kioo cha mashine kikionyesha namba yake ya siku zote, mashine ni nzima. Kisipoonyesha, Fundi anakwenda nyuma ya mashine na bisibisi, anakaza au analegeza skrubu mpaka namba irudi. Kanuni ilikuwa moja, na Profesa mwenyewe aliibariki: mashine ikibishana na huyu bwana, mwenye makosa ni mashine. Wanafunzi wakamwita Mzee Kipimo. Jina likamfuata mpaka nyumbani, na dada akikasirika alimwambia, "Haya, Kipimo, nipimie na hizi kelele zako."

Sitaki mtu adhani walikuwa wajinga. Mpango ule ulifanya kazi miaka. Mara moja bomba lilipata ufa usioonekana kwa macho, na aliyeugundua ni Kipimo, kwa namba yake kupotea. Siku hiyo alirudi nyumbani anatembea kama aliyefanya mtihani akafaulu, nami kwa mara ya kwanza sikumcheka.

Kisha akaanza kuchoka.

Ilikuja taratibu. Kwanza alianza kusimama kwenye ngazi za ghorofa ya pili, anajifanya anasoma matangazo ukutani. Nyumbani alikuwa akimaliza kula analala hapohapo kwenye kochi, mdomo wazi. Halafu akazuka na tabia ya kutafuna mchele mbichi. Alikuwa anautia mfukoni kama mtoto na karanga zake, na ukikaa naye karibu unasikia kru, kru, kru. Dada alikasirikia mchele, kisha akaanza kuogopa.

"Nenda hospitali," alimwambia. Tulikuwa uani, dada anafua, mimi naanika, shemeji anatuletea maji.

"Kufanya nini? Ng'ombe hazeeki maini."

"Maini yako siyajui. Mimi naona miguu. Jana umepumzika mara mbili kutoka dukani mpaka hapa."

"Umri huo, mama watoto."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeshasema."

Shemeji akaweka ndoo chini, akamtazama mkewe kwa ule upole wake unaoudhi. "Sikiliza. Kila Jumatatu mimi napimwa na mashine ambayo hata waziri hajawahi kupimwa nayo. Ningekuwa naumwa, si ingesema?"

Dada akarudi kwenye nguo zake, maana hoja ilikuwa nzito. Mimi pia niliiona nzito. Ni baadaye sana, Fundi aliponieleza yote tukiwa kwenye benchi la hospitali, nilipojua kwamba mashine ilikuwa inasema kila Jumatatu.

Ilianza na tofauti ndogo. Uzito uleule, mwendo uleule, lakini oksijeni aliyoitumia Kipimo ilisomeka pungufu. Fundi akatafakari. Mtu hawezi kufanya kazi ileile kwa hewa kidogo kuliko jana, labda awe malaika. Basi jicho la mashine linalosoma oksijeni limechoka, na ni kweli macho hayo huchoka. Akakaza skrubu, namba ikarudi. Baada ya wiki chache ikashuka tena, akakaza tena. Akabadilisha bomba. Akabadilisha mipira ya barakoa. Profesa akatia saini, likanunuliwa jicho jipya kwa bei ya kutisha, nalo likasoma pungufu vilevile. Fundi akawalaani waliolitengeneza, akakaza skrubu. Mkanda wa kifuani wa kuhesabu mapigo ya moyo ulipoanza kutoa namba za juu mno, aliutupa kwenye sanduku la vitu vibovu.

Nilimuuliza, "Lakini wewe ulikuwa naye humo ndani. Hukumwona anavyohema?"

"Alikuwa ndani ya barakoa," akasema. "Na mimi nilikuwa natazama kioo."

Kipimo naye alikuwa akija nyumbani na habari hizo kwa furaha. "Mashine yetu imezeeka," alituambia. "Leo Fundi amehangaika nayo asubuhi nzima. Mimi bado nipo, chuma kinachakaa!" Tukacheka. Dada peke yake hakucheka.

Sasa fikiria mashine iliyokazwa namna hiyo, halafu wanafunzi wazima wa miaka ishirini wakapanda. Wote walisomeka wanatumia oksijeni nyingi kupita kiasi. Kwa hesabu, miili yao ilikuwa inaunguza chakula kingi na kutoa kazi kidogo. Mwanafunzi mmoja akilalamika, mwingine akilalamika, Profesa angesema mashine imerekebishwa Jumatatu kwa Mzee Kipimo mwenyewe, na Mzee Kipimo hakosei. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," aliwaambia. Tatizo ni nyinyi. Mnakaa mno, mnakunywa soda, hamtembei. Mzee wa umri wa baba zenu anawashinda nyote.

Profesa aliliamini jambo hilo kwa dhati. Alianza kuandika makala kuhusu kudhoofika kwa vijana, akaisoma kwenye mkutano wa wakuu wa idara, wazee wenzake wakampigia makofi sana. Wanafunzi nao waliingiwa na aibu. Nusu ya darasa walianza kukimbia kuzunguka uwanja kila alfajiri, wanarudi wamelowa, wanapanda baiskeli, mashine inawaambia bado ni wabovu. Kipimo aliwahurumia. Alikuwa akiwapa moyo, anawafundisha kupumua kwa tumbo, huku yeye mwenyewe anapanda ngazi zile kwa kushika ukuta.

Aliyeivunja kanuni hiyo ni mwanafunzi mtu mzima, mwanamke aliyekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kurudi kusoma. Darasani walimwita Muuguzi, na nasikia hakuwa hodari wa hesabu hata kidogo. Alipanda, akakanyaga, akapata namba ya kutia huruma kama wenzake. Lakini yeye hakukubali aibu.

"Profesa," akasema, "mimi nimelea wagonjwa. Mtu mwenye namba hii hapandi ghorofa tatu kuja darasani. Analetwa."

Darasa likacheka. Profesa akamwambia mashine imerekebishwa Jumatatu.

"Imerekebishwa kwa kutumia nini?"

"Kwa Mzee Kipimo."

"Na Mzee Kipimo anapimwa na nini?"

Fundi aliniambia kwamba aligeuka kutazama nyuma ya mashine, kwenye skrubu. Profesa naye alisimama na chaki mkononi. Jibu lilikuwa moja tu, kwamba anapimwa na mashine, na kila mtu mle ndani alilisikia kabla halijasemwa. Kipimo alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni, anatafuna mchele wake.

Muuguzi akamwendea. Hakumuuliza habari za pumzi wala miguu. Alimwamkia, akainama, akamwambia, "Baba, hebu nitazame juu," akamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani ya kope la mtu mzima wa afya kuna wekundu. La kwake lilikuwa jeupe. Akamgeuza viganja, navyo vyeupe.

"Huu mchele umeanza kuutafuna lini?"

"Ni mazoea tu, mwanangu."

"Wewe huna damu," akamwambia, mbele ya darasa zima. "Mzee huyu hana damu, na nyinyi mnamkanyagisha baiskeli!"

Walimpeleka siku hiyohiyo kwa gari la Profesa. Kipimo alikataa kubebwa, akashuka ngazi mwenyewe, na kila kituo akasoma matangazo.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza, na ndicho kilichokuwa kikihubiriwa chumbani mle kila mwaka. Ndani ya utumbo wake kulikuwa na uvimbe uliokuwa ukivuja damu kidogo kidogo, kwa muda mrefu, bila maumivu ya kumsumbua. Damu ndiyo inayobeba oksijeni. Damu ilipopungua, oksijeni haikufika ya kutosha kwenye mapaja yake, na seli zake zikawa zinafanya kazi ile kwa njia mbovu, ile ya vifurushi viwili badala ya thelathini, zinameza sukari kwa pupa na kuacha asidi inayochoma. Gurudumu lilizunguka vilevile kwa sababu yeye ni mkaidi. Oksijeni kwenye kioo ilikuwa pungufu kwa sababu alikuwa anaitumia pungufu. Hakuna chombo chochote mle chumbani kilichokuwa kibovu, zaidi ya yeye.

Daktari wa upasuaji alimwita dada ofisini, nikaingia naye. Akasema uvimbe ungewahiwa mapema ungekatwa ukaisha, lakini sasa umeshatembea mpaka kwenye ini. Dada akauliza mapema ni lini. Yule daktari akasema hawezi kujua kwa hakika, pengine mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi.

Tulipotoka tulimkuta Fundi na Profesa kwenye benchi la korido. Profesa alisimama, akaanza kutoa pole kwa maneno marefu ya kisomi. Dada yangu si mtu wa kelele, sijawahi kumsikia akimgombeza hata muuza mboga. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Alikuwa anapumua mbele yenu kila Jumatatu. Alipochoka mkatengeneza mashine."

Profesa hakujitetea. Aliketi chini, akafunika uso kwa mikono. Makala yake aliiondoa, na wanafunzi aliwaomba radhi darasani, hilo nitamsifu. Fundi alilia waziwazi pale kwenye benchi, akasema yeye alikaza skrubu kwa mkono wake, na dada akamwambia, kwa sauti ileile, kwamba hata yeye mwenyewe alinyamazishwa na mashine hiyohiyo akiwa nyumbani kwake. Mimi nilikuwa na hasira na wote, na mashine, na mgonjwa. Nilikuwa na hasira naye zaidi, kwa kuwa ndiye niliyempenda.

Kipimo aliongezewa damu, akapata rangi, akakaa kitandani anataniana na wauguzi. Alipoelezwa yote hakumlaumu mtu. Kilichomgusa ni kingine.

"Kwa hiyo wale watoto hawakuwa wavivu?"

"Hawakuwa," Fundi akasema.

"Na waliamka alfajiri kukimbia bure?"

"Bure kabisa, mzee."

Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akasikitika kweli. Alimtuma Fundi akawaambie kwamba Mzee Kipimo anawaomba msamaha, na kwamba wasiache kukimbia.

Tulimrudisha nyumbani, maana hospitali haikuwa na la zaidi la kumfanyia. Kitanda tulikisogeza dirishani. Alikonda haraka, na mwili wake ukawa hauna joto, dada akawa anamlundikia mablanketi, hata jua likiwa kali nje. Mwishowe aliacha mablanketi, akawa anapanda kitandani mchana, anajilaza nyuma yake na kumkumbatia. Nikiingia na uji nilikuwa nageuza uso.

Profesa alikuwa anakuja. Hakuwa na la kusema, na mtu asiyekuwa na la kusema husema analolijua. Alasiri moja alikaa kwenye kigoda chetu, magoti yamemfika kifuani, akaanza kueleza seli, labda akidhani anamfurahisha mgonjwa, maana hayo ndiyo yaliyowakutanisha. Akasema hata seli nzima, yenye oksijeni tele, hudaka theluthi na ziada kidogo tu ya nguvu iliyomo kwenye glukosi. Iliyobaki, sehemu kubwa kuliko iliyodakwa, huiponyoka na kutoka kama joto. Haikusanyiki tena, haifanyi kazi yoyote. Hasara tupu, akasema, na hakuna anayejua namna ya kuizuia.

Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika miguu ya mumewe.

"Hilo joto la mwilini ndilo unaloliita hasara?"

"Kwa lugha ya kitaalamu, ndiyo, mama."

"Mimi nimelala na hiyo hasara tangu nilipoolewa," dada akasema. "Wala sikuwahi kusikia baridi."

Kipimo alikuwa macho, anatabasamu, akasema kwa sauti iliyobaki, "Liandike hilo, Profesa." Na Profesa akasema ataliandika.

Kipimo alikufa wiki iliyofuata, asubuhi, watu wanapita nje wakienda kazini. Majirani walipofika wakataka kuanza yanayofanywa kwa maiti, na mimi nilikuwa nimeshatoa shuka safi kabatini. Dada alikataa. Alikuwa amelala nyuma yake, mkono umepita kifuani mwake, akatuambia bado ana joto, tusubiri. Tukasubiri tumesimama kwenye kuta zote nne, watu wazima, mpaka alipouondoa mkono mwenyewe akasema sasa tunaweza kumchukua.